Kipa Mpya Asajiliwe Lini? Uhakiki wa Neno "Usajili" katika Lugha ya Mpira

Lugha ya mpira wa miguu imekuwa ikidharauliwa na baadhi ya wanaistilahi. Huonekana kuwa ni lugha ya vijana na ya makelele, isiyostahiki kuwekwa katika mizani ile ile inayopimiwa istilahi za sheria, za tiba na za uhasibu. Sisi hatuafikiani na rai hiyo. Ni nyanja chache mno ambamo mvuvi na karani, mwanafunzi wa skuli na maalim wake, huingia pamoja kwa haki sawa wakashindana kwa Kiswahili mpaka usiku, bila ya kulazimishwa na mtu wala kulipwa posho. Humo ndimo yalimozaliwa "kusugua benchi", "kutikisa nyavu" na "kupigiana matuta", maneno ambayo hakuna kamati iliyokaa kuyabuni, na ambayo kamati yoyote ingeona fahari kuyabuni.

Walakini humo humo ndimo lilimokua neno moja lililokula wenziwe. Neno hilo ni "usajili", pamoja na kitenzi chake "kusajili". Madhumuni ya makala haya ni kulihakiki neno hilo, kuonyesha namna lilivyoifunika mijadala ya mashabiki na, lililo zito zaidi, namna linavyoweza kumponza kijana anayewekewa karatasi mbele yake atie saini. Tumelichagua swali moja ambalo wapenzi wa timu inayoyumba hawachoki kuulizana: timu ikifungwa na ikifungwa tena, kipa mpya asajiliwe lini?

Swali hili husikika katika baraza zote za Unguja. Sisi tumelisikiliza zaidi Kizimkazi, kusini mwa kisiwa, katika vijiji vyake viwili vya Dimbani na Mkunguni, ambako wavuvi wakishatoka baharini, na watembezaji wa wageni wanaokwenda kutazama pomboo wakishafunga mashua zao, hakuna mazungumzo ya jioni yanayoyashinda haya ya Simba na Yanga. (Na hapa tunaomba ruhusa ya kutoka nje ya mada kidogo. Watangazaji wetu husema kwamba timu "inashuka dimbani", yaani inaingia uwanjani. Kwa mtu wa Kizimkazi, kushuka Dimbani ni kurudi nyumbani, penye msikiti wa kale wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107 wa Miladia. Hatujapata kumwona mtu wa huko aliyechanganyikiwa na matangazo hayo, muktadha humwongoza. Mfano huu tutauhitaji baadaye.)

Tumemchagua kipa kwa sababu nafasi yake ni ya mtu mmoja tu. Beki aliyechoka huweza kusogezwa pembeni, mshambuliaji asiyefunga akapangwa pamoja na mwingine anayefunga. Lakini langoni hawasimami wawili. Anayeletwa mpya humtoa aliyekuwapo, na kwa hiyo swali la lini aletwe ni swali pia la lini mwenziwe avunjwe moyo. Jina lenyewe la nafasi hiyo lingeweza kuandikiwa makala yake. Waandishi husema "mlinda mlango", ilhali kitu anachokilinda wao wenyewe hukiita "lango". Na mlinda mlango khasa, yule bawabu wa hoteli, yuko tele Kizimkazi hivi sasa na hajui kudaka. Pangekuwa na haja ya kurekebisha tungependekeza "mlindalango". Lakini "kipa" limekwisha kukaa, ni fupi, lina wingi wake wa "makipa", na hatuoni sababu ya kulisumbua.

Sasa na tuyasikilize mazungumzo ya namna inayopatikana barazani. Kijana anamwambia mzee:

"Ami, tusajili kipa sasa hivi. Dirisha likifungwa tumekwisha."

"Kipa tunaye, mwanangu, tena wamejaa. Mtu haazimi sufuria na yake iko jikoni."

"Hao waliopo hawakusajiliwa kudaka mechi kubwa, Ami."

"Basi wamesajiliwa kufanya nini?"

Msomaji ataona kwamba kitenzi kimoja kimetumika mara tatu kwa maana tatu. Mara ya kwanza kijana amekusudia kumtafuta mtu na kupatana naye, na papo hapo akachanganya kitendo hicho na kile cha kupeleka jina lake mbele ya chama kabla muda haujapita. Mara ya pili amekusudia kupangwa, yaani kuaminiwa kusimama langoni siku ya mchezo mkubwa. Mzee naye, katika kuuliza kwake, amekusudia kuajiriwa: mtu analipwa mshahara, je, ni mshahara wa kazi gani? Wote wawili wana haki katika neno lao, na wote wawili huondoka wakidhani mwenziwe ni mbishi. Ubishi huo haukutokana na mpira. Umetokana na neno lililobebeshwa mizigo mitatu.

Ili tusionekane kuwa tunazua tatizo, na tutazame mambo yaliyotokea Simba katika mwaka 2023, ambao wapenzi wake wa Unguja wanaukumbuka vyema. Mwezi wa Aprili mwaka huo kipa wa kwanza, Aishi Manula, aliumia. Nafasi yake ikashikwa na Ally Salim, ambaye mpaka hapo alikuwa akisugua benchi. Tarehe 16 Aprili Simba ikaifunga Yanga mabao 2 kwa 0, naye yuko langoni. Mwezi huo huo timu ikatolewa kwa matuta na Wydad ya Morocco katika robo fainali ya Klabu Bingwa Afrika. Julai akaletwa kipa wa Kibrazili, Jefferson Luis. Akaumia kabla ligi haijaanza, klabu ikaachana naye. Agosti akaletwa Ayoub Lakred kutoka Morocco. Lakini tarehe 13 Agosti, katika uwanja wa Mkwakwani, Tanga, Simba ilipokutana na Yanga kugombea Ngao ya Jamii, aliyedaka alikuwa yule yule Ally Salim, na alizuia matuta matatu, Simba ikaitwaa Ngao. Tarehe 5 Novemba Manula akarudi langoni baada ya miezi ya kuuguza jeraha, na siku hiyo Yanga ikashinda mabao 5 kwa 1. Haukupita muda klabu ikaachana na kocha wake, Robertinho. Msimu wa 2023/24 ulipomalizika, Simba ilikuwa ya tatu, nyuma ya Yanga na Azam, ingawa pointi zake na za Azam zilikuwa sawa.

Katika miezi yote hiyo kilio cha barazani kilikuwa kimoja: "tusajili kipa". Tukikichambua kilio hicho kwa maneno yanayostahiki, tunaona kwamba Julai na Agosti kiliitikiwa mara mbili, na kwamba siku ya Novemba iliyouma zaidi timu haikuwa na upungufu wa makipa hata kidogo. Swali la siku ile lilikuwa la kupanga: je, mtu aliyetoka kwenye jeraha asimamishwe katika mchezo wa namna ile, au angojee mchezo mwepesi? Hilo ni swali la kocha, la mazoezi na la daktari. Dirisha halihusiki nalo. Shabiki aliyesema "tusajili" alikuwa na uchungu wa haki; neno lake ndilo lililompeleka mlango usiokuwa wake, na viongozi wa klabu, kama ilivyo desturi ya viongozi, wakisikia "sajili" huenda kuleta mtu. Hatusemi kwamba kumleta mtu kulikuwa kosa. Agosti 2024, Lakred naye alipoumia, aliletwa Moussa Camara kutoka Horoya ya Guinea, na pamoja naye timu ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ambayo mchezo wake wa pili, wa tarehe 25 Mei 2025, ulichezwa hapa hapa Unguja, uwanja wa Amaan, ukamalizika 1 kwa 1 baada ya RS Berkane kushinda 2 kwa 0 kwao Morocco. Tunachosema ni kwamba swali la "lini" haliwezi kujibiwa kabla halijatenganishwa.

Basi na tulitenganishe.

Kitenzi "sajili" tumekipokea kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili haikupotea kwetu: ni kuingiza jina au jambo katika daftari rasmi. Tunasajili vyama, vizazi, vifo, ardhi na magari. Mtendaji wa kitendo hicho ni mwenye daftari. Katika mpira mwenye daftari ni shirikisho, TFF kwa Tanzania Bara na ZFF kwa Zanzibar, na klabu huomba tu. Kwa maana hii khasa, swali la "kipa asajiliwe lini" lina jibu ambalo halingojei busara ya mtu: asajiliwe katika vipindi viwili vya mwaka vilivyowekwa, kile kirefu cha kabla ya msimu na kile kifupi cha katikati ambacho mashabiki wamekipa jina zuri la "dirisha dogo". Isipokuwa pale kanuni zinapotoa ruhusa maalumu, kama vile kwa mchezaji asiye na klabu, nje ya vipindi hivyo hakuna kusajili, hata timu ifungwe kila wiki.

Kitendo cha pili ni cha klabu na mchezaji kupatana na kutiliana saini. Hiki hakina dirisha. Watu huweza kupatana Februari kwa kazi itakayoanza Julai. Kwa kitendo hiki Kiswahili cha pwani kina neno lake la tangu zamani, nalo ni "kuandika". Nahodha huandika mabaharia. Tajiri humwandika mtu kazi. Na kamusi zetu zingali zikiihifadhi maana hiyo ya kuajiri pamoja na ile ya kalamu na ile ya kuandika meza. Tunapendekeza lirudishwe katika mpira: klabu imemwandika kipa, kipa ameandikwa kwa miaka miwili, wameandikiana. Yupo atakayeuliza kwa nini tusitosheke na "kuajiri". Katika maandishi ya sheria tutosheke nalo, kwa kuwa sheria za kazi zimekwisha kulizoea. Gazetini na redioni, hata hivyo, "kuandika" lina wepesi ambao "kuajiri" halina, na huzaa "kuandikana" na "kuandikiana" bila ya taabu. Atakayehofu kwamba "kumwandika mchezaji" kutadhaniwa ni kuandika habari zake, na amkumbuke mtu wa Kizimkazi na Dimbani yake.

Kitendo cha tatu, kupanga, kimekwisha kuwa na neno, na kosa letu ni kutolitumia. Kipa hupangwa. Huyu ndiye ambaye barazani hugombewa zaidi, na huyu ndiye ambaye "usajili" humficha zaidi.

Ukubwa wa kuchanganya vitendo hivi unaonekana katika safari za kiungo wa Kizambia Clatous Chama. Agosti 2021 alitoka Simba akaenda RS Berkane. Januari 2022 akarudi Simba. Julai 2024, mkataba wake wa Simba ukiwa umemalizika, akaenda Yanga. Ya kwanza ilikuwa ni kuhama mkataba ukiwa hai, klabu moja ikiilipa nyingine. Ya tatu ilikuwa ni mtu huru kuandikwa na tajiri mpya. Kwa lugha ya vichwa vya habari zote zilikuwa "usajili", na baadhi ya wapenzi wa Simba walizungumza mwaka 2024 kama kwamba klabu yao ilikuwa na mali ikaibiwa, ilhali mkataba uliokwisha hauna mwizi.

Neno hilo la mali linatuleta kwenye "kuuza" na "kununua". Hatukusudii kuwa wakali kupita kiasi. Tunajua kwamba msemaji hana nia mbaya. Lakini Unguja si mahali pa kusema "mtu kauzwa" bila ya kusita. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na kanisa lililojengwa mahali pake lingali limesimama mjini kila mpita njia akiliona. Kinacholipwa katika mpira ni fidia ya mkataba uliokatishwa kabla ya wakati wake. Klabu haimiliki mtu, humiliki ahadi yake ya kazi kwa muda uliotajwa. Istilahi "ada ya uhamisho" ipo, inaeleweka, na imekwisha kutumika. Magazeti yaitumie, na mwalimu wa skuli amsahihishe mwanafunzi anayeandika katika insha kwamba klabu fulani "imenunua binadamu wa milioni mia".

Tukija kwenye "mkopo", kosa ni la namna nyingine, na kwa kweli linafurahisha. Kila mtoto aliyelelewa katika nyumba ya Kiswahili anajua kwamba sukari hukopwa na sufuria huazimwa. Kilichokopwa hutumika kikamalizika, na anayelipa hulipa mfano wake. Kilichoazimwa hurudi chenyewe, na kikirudi kimevunjika mkono mwenyewe hununa. Mchezaji anayepelekwa timu nyingine kwa msimu mmoja atarudi yeye mwenyewe, wala hatarudishwa mwingine wa kilo zake. Huyo ameazimwa. Mzee wetu wa barazani, bila ya kusoma istilahi yoyote, alilitumia neno hilo hilo aliposema mtu haazimi sufuria na yake iko jikoni. "Kwa mkopo" limeenea mno magazetini na huenda tumechelewa kuling'oa huko. Katika mikataba na katika tafsiri za kanuni, ambamo swali la nani atamtibu mchezaji akivunjika mguu huko alikopelekwa ni swali la fedha nyingi, tunashikilia paandikwe "kuazima", "mwazimaji" na "mwazimishaji".

Tumefika sasa mahali ambapo ulegevu wa maneno huacha kuwa mchezo. Feisal Salum, Mzanzibari aliyepitia JKU kabla ya kwenda Bara, mwishoni mwa 2022 aliirejeshea Yanga shilingi milioni 112 na kutangaza kwamba mkataba wake umekoma. Klabu ilikataa; Januari 2023 TFF ikaamua kwamba bado alikuwa mchezaji wa Yanga; marejeo yake hayakumfaa; na mwezi wa Juni mwaka huo, baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kuitaka klabu hadharani imalize jambo hilo, akahamia Azam. Kwa miezi yote hiyo magazeti yalitumia maneno mawili tu: "kavunja mkataba". Na maneno hayo mawili watu waliyasoma kwa njia mbili zinazopingana. Aliyekuwa upande wa klabu alisoma kosa, kama mtu aliyevunja sheria au aliyevunja ahadi. Aliyekuwa upande wa kijana alisoma haki, kama watu wawili wanaovunja ushirika baada ya kulipana kila mtu chake.

Sisi hatuingii katika kuhukumu ni nani aliyekuwa na haki. Jambo lilikuwa na mahakama zake na limekwisha. Tunauliza tu: kijana wa miaka 18 wa Makunduchi au Kizimkazi atakayewekewa mbele yake mkataba wa Kiswahili wenye kifungu kisemacho "mchezaji akivunja mkataba atalipa kiasi fulani", atajua vipi kama kifungu hicho kinampa mlango wa kutokea au kinamtisha kwa adhabu? Maneno ya kutenganisha yapo. "Kukiuka mkataba" ni kutotimiza ulichoahidi. "Kusitisha mkataba" ni kuukomesha kwa njia ambayo mkataba wenyewe au sheria inairuhusu. "Kujikomboa katika mkataba" twaweza kukitumia kwa kile kifungu ambacho hutaja bei mapema, kwamba atakayelipa kiasi hiki yuko huru. Na kwa kuwa kifungu cha namna hiyo huweza kuwapo katika mkataba mmoja na kisiwepo katika mwingine, ndipo hasa panapohitajika jina lake peke yake. "Kuvunja" tuliachie baraza. Mfasiri wa serikali au wa wakili asilitie katika karatasi inayotiwa saini.

Kadhalika lipo jambo la wachezaji wanaoachwa. Klabu zetu siku hizi humwaga mchezaji kwa kuchapisha picha yake pamoja na neno la shukurani la Kiingereza, na mashabiki, kwa ule ufundi wao, wamelifanya kuwa istilahi: "fulani kapewa thenkyu". Hili hatulipingi. Ni kejeli safi, na Kiswahili kina haki ya kukejeli kwa maneno ya kuazima.

Msomaji huenda akauliza mambo haya yanamhusu nini mfasiri ambaye hashughuliki na Simba wala Yanga. Tumjibu kwa mfano wa mbali. Habari za michezo za Marekani zinazidi kufasiriwa, na mara kwa mara hukutwa humo mjadala ule ule wa Kizimkazi ukiwa na mavazi mengine: timu dhaifu imfuate lini yule mchezaji mmoja anayeongoza mashambulizi yote? Katika mpira wa Kimarekani, ambao mpira wake una umbo la yai na huchezwa zaidi kwa mikono, yupo mtu mmoja anayepokea mpira mwanzoni mwa karibu kila shambulio, akaamua ama aurushe mbele, ama amkabidhi mwenziwe, ama akimbie nao. Wafasiri humwita "kwotabeki", jina lisilomwambia msomaji kitu, au "beki", lenye kumpotosha kabisa, kwa sababu mtu huyu hazuii. Tunapendekeza "mgawampira", kwa mfano wa "mlindalango": neno fupi, la asili, lenye kutaja kazi yake.

Gumu zaidi ni namna anavyopatikana. Tangu 1936 timu za ligi kuu ya huko hukutana kila mwaka kuwagawana vijana wanaotoka vyuo vikuu, na iliyofanya vibaya kuliko zote msimu uliopita ndiyo huchagua mwanzo. Kijana hachagui timu, wala timu hailipi chuo. Kiingereza hutumia kwa jambo hili neno lile lile linalotumika kwa nakala ya kwanza ya waraka, na kwa kuchukua watu jeshini kwa lazima. Kwa hiyo mfasiri aliyezoea kazi za maofisini huandika kwamba timu "imepata rasimu ya kwanza", na msomaji akangojea muswada. "Usajili" nao haufai, kwa kuwa hapa hakuna kupatana kwa hiari wala daftari bado. "Mnada" haufai, maana hakuna anayepandisha bei. "Mchujo" hutoa watu, na hapa watu wanaingizwa. Tunapendekeza "uteuzi wa zamu". Zamu tunaijua, ya kisimani na ya kufagia madrasa, na istilahi hii ina faida kwamba inachukua hata matawi ya jambo lenyewe: timu huko huweza kubadilishana zamu, kuuza zamu ya mwaka ujao, au kupanda zamu.

Na kwa istilahi hizo, tazama jinsi mjadala wao unavyosomeka wazi. Mwaka 2023 Carolina Panthers walimteua Bryce Young kwa zamu ya kwanza wakampanga tangu mchezo wa kwanza. Walishinda michezo 2 katika 17, na Septemba 2024, baada ya michezo 2 tu ya msimu mpya, wakamweka benchi, kisha mwezi uliofuata akarudi. Mwaka 2017 Kansas City Chiefs walibadilishana zamu wakapanda hadi ya 10, wakamteua Patrick Mahomes, wakamkalisha karibu msimu mzima nyuma ya Alex Smith; alipangwa kuwa wa kwanza mwaka 2018, na Februari 2020 walikuwa mabingwa. Siku ya kuteua huwekwa na ligi. Siku ya kupanga huwekwa na kocha, na ndiyo iliyotofautiana. Mfasiri aliyeandika "usajili" mahali pa yote mawili amemnyima msomaji wake hoja yenyewe.

Limebaki neno "akiba". Mchezaji asiyeanza twamwita "wa akiba", na twalitamka kama kwamba ni makombo. Kwa Mswahili akiba ni chakula kilichowekwa kwa ajili ya siku ya shida, na chema huwekwa. Ally Salim alikuwa akiba kwa maana hiyo kamili siku ya Tanga. Hatupendekezi neno jipya. Tunapendekeza wanaotunga vitabu vya skuli watoe mifano ya kipa wa akiba katika maana hii ya heshima, kabla maana ya makombo haijaingia kamusini.

Mapendekezo ya "kuandika", "kuazima", "kusitisha", "kukiuka", "kujikomboa", "mgawampira" na "uteuzi wa zamu" tunayapeleka katika kamati ya istilahi. Walimu wa Kusini Unguja, na khasa wanaosikia katika vyombo vya uvuvi neno jingine linalotumika kwa mtu aliyeandikwa pamoja na mabaharia lakini akabakishwa pwani akingojea zamu yake, tunawaomba watuletee neno hilo pamoja na sentensi moja au mbili za matumizi yake na jina la kijiji lilikosikika.